Masii: Nyumba Zaongezeka Kuliko Watu

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hufika Masii baada ya mwendo wa kadiri ya kilomita 30. Hapo barabara yapita katikati ya maduka, na kando yake huonekana milundo ya mchanga, matofali yaliyopangwa, na nyumba ambazo kuta zake zimekwisha lakini nondo zimechomoza juu zikingojea ghorofa ya pili. Ukiingia nyuma ya maduka hayo hatua chache tu, wakuta mahindi, kunde na mbaazi juu ya matuta. Mtu aweza kununua misumari dukani, na kabla hajamaliza kuhesabu baki yake akasikia kuku na ng'ombe wa jirani.

Basi mgeni huuliza: Je, mahali hapa ni mji au ni shamba? Jibu ni kwamba Masii ni vyote viwili, na hapo ndipo ilipo shida yake. Mji wataka ardhi ya kujengea, na shamba lataka ardhi ya kulima, wala hakuna ardhi nyingine itakayoletwa kutoka mbali kuwaridhisha wote wawili.

HOFU YA ZAMANI

Si mara ya kwanza kwa watu wa nchi hii kuambiwa kwamba wamezidi. Mwaka 1932 wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo ndani yake ilikuwamo Makueni ya leo, ilikadiriwa kuwa na watu 240,000 hivi. Wakati ule mvua zilikuwa zimekosekana mara kwa mara, nzige walikuwa wamekula mimea, na vilima vilikuwa vimebaki vitupu. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ya kutisha juu ya mmomonyoko wa ardhi katika Ukambani. Kwa maoni yake nchi ilikuwa ikielekea kuwa jangwa, na wenyeji wake maskini.

Dawa iliyochaguliwa na serikali ya ukoloni ilikuwa kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ilikamatwa ili iuzwe, na Wakamba hawakukubali. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kutaka kusikilizwa na Gavana. Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu, lakini serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Somo la mwaka ule halijasahauliwa: ardhi haiponi kwa amri ambayo mwenye shamba hakuielewa wala hakuulizwa.

Dawa iliyofaa ilikuja baadaye, nayo ilitoka katika desturi ya wenyeji. Tangu zamani Mkamba aliyekuwa na kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kulima, aliwaita jirani zake wakamsaidia, na mkusanyiko huo uliitwa mwethya. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, vyenye viongozi waliochaguliwa na watu wenyewe, vilishika kazi ya kuchimba matuta. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wanawake. Walichimba mtaro wakatupa udongo upande wa juu, ndiyo maana matuta hayo huitwa “fanya juu” hata leo. Maji ya mvua yakazuiwa, udongo ukabaki, na mbegu ikapata unyevu.

Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya mabadiliko ya Machakos kati ya mwaka 1930 na 1990. Waligundua jambo lililowashangaza wengi. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, wakakaribia 1,400,000 mwaka 1989, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mapato ya shamba kwa kila mtu hayakushuka bali yalipanda. Kwa hiyo wingi wa watu peke yake si laana. Watu wale wale waliohesabiwa kuwa mzigo ndio waliokuwa mikono ya kuchimba matuta.

HESABU YA SASA

Kama mambo ni hayo, kwa nini watu wa Masii wawe na wasiwasi leo? Sababu ni kwamba ongezeko la sasa si la namna ile ya zamani. Zamani waliongezeka wakulima, na kila mkulima alikuja na jembe lake. Siku hizi huongezeka nyumba, na nyumba hailimi.

Yafaa kuitazama hesabu ya serikali. Mwaka 2009 Kaunti ya Machakos ilikuwa na watu 1,098,584. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,421,932. Ongezeko hilo ni kama watu 29 juu ya kila 100. Lakini kaya, yaani watu walao chungu kimoja na walalao chini ya paa moja, zilikuwa 264,500 mwaka 2009, nazo zilifika 402,466 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la kaya 52 juu ya kila 100. Kwa maneno mengine, mahitaji ya nyumba yaliongezeka kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kasi ya watu.

Mwaka 2009 kaya moja ilikuwa na watu 4 na zaidi kidogo. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 3 na nusu. Kama watu wangaliendelea kukaa pamoja kwa kadiri ile ya mwaka 2009, kaya zingalikuwa 342,000 hivi tu. Zile 60,000 zilizozidi hazikuletwa na uzazi. Zililetwa na watu kukaa mbalimbali.

Ni kweli kwamba Mavoko, kwenye viwanda na vyumba vya kupanga, ilichangia sana katika hesabu hiyo. Walakini sababu zenyewe zaonekana hata Masii. Kijana aliyeoa hataki tena kulala uani kwa baba yake. Mwalimu aliyehamishiwa shule ya hapo ataka chumba chake. Muuguzi, mwendesha pikipiki, fundi cherehani na mwenye duka wataka vyumba karibu na kazi. Mjane abaki peke yake katika nyumba kubwa, na watoto wake watatu wapangao Nairobi kila mmoja ajenga nyumba nyingine nyumbani, ambayo hulala yeye siku za Krismasi na za mazishi. Tena yuko karani aliyestaafu, ambaye kwa miaka 30 ameweka akiba ili arudi kwao na kujenga nyumba ya mawe. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyekosa. Kila mmoja ana haki ya kuwa na paa. Lakini wote pamoja wanakula shamba.

HESABU YA URITHI

Katika desturi ya Wakamba, ardhi ya kulima iliyotwaliwa na jamaa iliitwa ng'undu, na nchi ya wazi ya kulishia mifugo iliitwa weu. Kijana aliyekosa nafasi katika ng'undu ya baba yake aliweza kuingia katika weu, akafyeka msitu, na pale alipolima pakawa pake. Kwa njia hiyo watu walishuka kutoka milima ya Iveti na Mbooni wakakaa katika nchi za chini, na baada ya Vita Kuu ya Pili wengine wakaenda mpaka Makueni. Leo weu imekwisha. Mashamba yamepimwa, yana mipaka na hati, na kijana asiye na nafasi hana pa kufyeka.

Chukua mfano wa mzee aliyekuwa na ekari 6. Watoto wake 3 waligawana, kila mmoja akapata ekari 2. Kila mmoja wa hao naye ana watoto 4, wavulana na wasichana, na sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981, pamoja na Katiba ya mwaka 2010, haimruhusu mtu kumnyima binti kwa kuwa ni binti. Basi mjukuu apata nusu ekari. Nusu ekari hiyo ikikatwa kwa kipimo kipendwacho na wauzaji wa viwanja, futi 50 kwa 100, yatoa viwanja 4 hivi. Kimoja ajenge nyumba yake. Cha pili akiuze kulipa karo. Cha tatu ajenge vyumba vya kupangisha. Kimebaki kimoja cha kupanda mahindi, na mahindi hayo hayatamfikisha hata katikati ya mwaka.

Yako mataifa na wilaya zilizopita njia hii mbele ya Masii. Mwaka 2019 Machakos ilikuwa na watu 235 katika kila kilomita moja ya mraba. Vihiga ilikuwa na watu zaidi ya 1,000, na Kiambu zaidi ya 900. Huko Kiambu, mahali pengi palipokuwa na miti ya kahawa pana majumba ya kupanga, wala hakuna aliyewahi kuona jumba likivunjwa ili kahawa irudi. Shamba lililochoka laweza kutiwa samadi likapona. Shamba lililojengwa halirudi.

MAJI YA PAANI NA MAJI YA KISIMANI

Tena iko shida ambayo watu wengi hawaioni mpaka mvua inyeshe. Paa la bati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua moja ya milimita 20 huliangushia paa hilo lita 1,600, yaani mapipa 8 yenye lita 200 kila moja. Nyumba 50 zilizojengwa juu ya kilima kimoja zitatoa lita 80,000 katika mvua hiyo moja, bila kuhesabu maji yatokayo katika nyua zilizokanyagwa zikawa ngumu.

Yaende wapi maji hayo? Matuta yaliyo chini ya kilima yalichimbwa kuzuia maji ya shamba, si maji ya mabati. Yakizidiwa hukatika, na tuta moja likikatika hulivunja la pili na la tatu. Kazi iliyofanywa na mama na nyanya kwa miaka mingi yaweza kuchukuliwa kwa usiku mmoja. Maji hayo hayo, kama nyumba ina mifereji na tangi, ni utajiri. Tangi la lita 10,000 laweza kuwapa watu 5 lita 20 kila mtu kila siku kwa siku 100, nazo ni siku nyingi za kiangazi. Paa lile lile laweza kuwa adui wa jirani au kisima cha mwenyewe. Tofauti ni mfereji na tangi.

Choo nacho chataka hesabu. Watu wa afya hushauri choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 hivi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina urefu wa mita 30 na upana wa mita 15 tu. Kwa hiyo mtu akichimba kisima katika kiwanja chake na jirani akachimba choo katika chake, hawawezi kukwepana. Shamba la ekari 6 laweza kubeba choo na kisima. Viwanja 40 vilivyobanana vyataka bomba la maji na njia ya maji machafu, navyo havichimbwi na mtu mmoja.

Na mchanga? Kila nyumba ya mawe hutaka mchanga, na mchanga wa Ukambani hujenga hata majumba ya Nairobi. Lakini mto wa mchanga ni ghala la maji. Mvua ikiisha, maji hubaki yamejificha katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliwezi kuyakausha upesi, na mtu huchimba kidogo akateka. Ndiyo maana wenyeji wa Ukambani wamejenga vizuizi vya mchanga mitoni. Mchanga ukizolewa mpaka mwamba ukaonekana, mvua inayofuata hupita mbio, na wanawake huongezewa mwendo wa kwenda majini. Mtu aweza kujenga nyumba nzuri kwa mchanga wa mto ambao kesho atautafuta maji asiyapate. Machakos na Makueni zote zimetunga sheria za kaunti juu ya uchotaji wa mchanga; lakini sheria hailindi mto usiku, hulindwa na watu wakaao kando yake.

ANUNUAYE KIWANJA AFUNGUE MACHO

Karani au mwalimu mwenye akiba yake hupenda kununua kiwanja upesi kabla bei haijapanda. Na ajifunze kwa yaliyotokea Mavoko katika kaunti hii hii. Mwezi wa Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa huko baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ilikuwa mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu waliokuwa wamelipa fedha zao, wakajenga na kuhamia, walisimama nje wakitazama matingatinga. Karatasi walizokuwa nazo hazikuwasaidia.

Masii si Mavoko, na ardhi yake nyingi ni ya jamaa zijulikanazo. Lakini hatari yaweza kuja kwa mlango mwingine. Ndugu mmoja huuza kabla ya urithi wa marehemu kukatwa. Mume huuza mke asijue. Au muuzaji hutoa kiwanja katika shamba ambalo hati yake bado ni moja, kwa jina la babu aliyekufa. Sheria ya mwaka 1967 ya kusimamia ardhi ya kilimo yataka kugawa na kuuza shamba kupate idhini ya bodi, na katika bodi hiyo wenye haki huweza kusikilizwa. Mnunuzi asiyekwenda katika ofisi ya ardhi kupekua hati, wala kungojea idhini ya bodi, amenunua kesi, hakununua kiwanja.

KAZI ILIYO MBELE

Wako wasemao kwamba mji ukuavyo ndivyo Mungu apendavyo, na kwamba soko litajipanga lenyewe. Hayo si kweli. Nyumba hazijipangi. Mahali barabara isipoachwa leo, kesho gari la wagonjwa halitapita, na bomba la maji litakosa njia isipokuwa ukuta wa mtu uvunjwe. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi imezipa serikali za kaunti wajibu wa kuandaa mipango na kuidhinisha majengo. Yafaa mpango wa Masii usomwe barazani, katika lugha ambayo mkulima aielewa, kabla haujatiwa sahihi. Watu wa mwaka 1938 hawakukataa ardhi ipone. Walikataa kuamriwa bila kuulizwa.

Kwa upande wao, wenyeji wana mambo wawezayo kuyafanya bila kungojea mtu. Kwanza, jamaa wenye shamba moja waweza kuziweka nyumba zao mahali pamoja, upande usio na rutuba, na kuuacha udongo mzuri ulimwe wote, badala ya kila mmoja kujenga katikati ya kipande chake. Pili, ajengaye vyumba vya kupangisha sokoni na ajenge kwenda juu, kama mfuko wake waruhusu na fundi wake anajua kazi, maana ghorofa haili mahindi. Tatu, asiezeke mtu nyumba bila mifereji na tangi. Nne, walio juu ya kilima na walio chini yake wakutane kabla ya mvua, wakubaliane maji yatapita wapi.

Hayo yote yataka jirani kusema na jirani, na huo ndio ugumu wake. Kuchimba tuta kulikuwa rahisi kwa njia moja: kila aliyechimba aliona mavuno yake mwaka uliofuata. Kuacha mita chache za shamba lako ziwe njia, au kukataa fedha za mnunuzi wa kiwanja, ni kazi ambayo faida yake itaonekana na wajukuu. Mzee mwenye karo ya kulipa mwezi huu hawezi kulaumiwa akiuza. Lakini aweza kushauriwa auze sehemu ipi, na mashauri hayo yasipotoka kwa watoto wake na jirani zake, yatatoka kwa dalali.

Mwethya wa zamani uliitwa mtu alipotaka kujenga nyumba. Baadaye uliitwa kuiponya ardhi, ukaiponya, hata wataalamu wakaandika kitabu. Leo Masii yahitaji kuuita kwa mara ya tatu, safari hii kwa ajili ya nyumba na ardhi kwa pamoja. Majembe yapo, mikono ipo, na watu wa kusoma ramani sasa wapo kuliko wakati wowote uliopita. Kinachotakiwa ni watu kuketi na kupatana kabla nondo nyingine hazijachomoza juu ya matuta.